Neno Lililokuwa Juu ya Mlango Wangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Nilianza kukata miwa Ramisi nikiwa na miaka kumi na minne, panga likaniachia alama kwenye muundi, na kesho yake nikarudi shambani nikichechemea. Darasa la nne ndilo lililokuwa la mwisho kwangu, na hilo nalo sikulimaliza. Leo nina ofisi ya mawe Msambweni, kando ya barabara kuu, na watu wenye digrii wanakaa kwenye benchi langu wakingoja nimalize chai yangu. Nimeona shamba moja likiuzwa na ndugu watatu katika wiki moja, kila mmoja kwa mnunuzi wake. Nimeona sahihi ya mtu aliyezikwa mwaka mzima kabla ya karatasi kuandikwa. Nimemuuzia mzungu kiwanja Diani, tukapeana mikono, kisha akaniuliza bahari iko upande gani. Kwa hiyo mtu akiniambia "hutaamini," mimi huongeza sukari tu.

Huyu mzee ninayemwandika simwandiki kwa mapenzi. Wala simwandiki kwa kuwa amekufa, maana yuko hai na anakula. Jina lake silitaji. Msambweni nzima inamwita Mwalimu, kana kwamba hakukuwahi kuwa na mwingine. Mimi hakunifundisha hata siku moja, na hilo alilipenda kulisema mbele za watu. "Huyu hakupita mikononi mwangu," alisema, kama seremala anayekikana kiti kibovu.

Tangu alipostaafu, kituo chake kilikuwa baraza ya kinyozi, ng'ambo ya barabara mkabala na ofisi yangu. Alifika baada ya sala ya adhuhuri na kanzu iliyofuliwa mpaka ikaonyesha fulana ya ndani, na koti la kijivu ambalo halikuvuliwa hata Januari. Mapajani aliweka daftari nene la kaunta. Kalamu alikuwa ameifunga kwenye daftari kwa uzi wa kushonea magunia, isije ikaibwa. Nani angeiba kalamu ya shilingi ishirini mbele ya kinyozi? Lakini ndivyo alivyokuwa: dunia yote ilikuwa wezi, ila yeye.

Kazi yake ilikuwa moja. Ukisema neno mbele yake, alilikamata. "Umelitoa wapi?" Hakujali unazungumza na nani, wala kama una haraka. Siku moja alimsimamisha mama mmoja auzaye viazi karai.

"Na hilo neno karai, mwanangu, umelitoa wapi?"

"Nimelitoa Ukunda, Mwalimu, dukani. Shilingi mia tisa, na mkono mmoja tayari umeng'oka."

Watu walicheka mpaka kinyozi akamkata mteja sikio. Mwalimu hakucheka. Aliandika. Mwezi mzima alikuwa akienda Ukunda na kurudi kwa ajili ya karai, mpaka Wahindi wa vyombo wakawa wakimwona kwa mbali wanaingia stoo.

Hata mazishini hakuwa na staha. Tulikuwa tumesimama makaburini, jeneza liko chini, maiti anasubiri, na Mwalimu kainama juu ya kaburi anamuuliza mchimbaji: huu upango wa ubavuni, ambamo maiti hulazwa, kwa nini unaitwa mwanandani? Neno hilo ni la wapi? Mchimbaji alijifuta jasho, akamtazama juu.

"Mwalimu, ukitaka kulijua vizuri, ingia."

Mimi nilicheka kimoyomoyo siku tatu.

Alikuwa bahili. Muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe, Mwalimu alimwita, akaanza kumsimulia neno kahawa lilivyotoka kwa Waarabu likaenda kwa Waturuki, likatoka huko likaenda kwa Wazungu. Kikombe kilikuwa kishafika mkononi mwake na hadithi haijafika Ulaya. Mwishowe mtu yeyote mwenye kazi ya kufanya alitoa shilingi kumi ili ile hadithi ikome. Nilikaa mkabala naye miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumwona akilipa.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alisema neno halina mwenyewe, kwamba neno ni mgeni, anafikia kwa huyu na kesho anafikia kwa yule. Lakini daftari lake hakumwazima mtu hata aliangalie. Alituhubiria adabu ya lugha, naye akikatiza watu katikati ya sentensi. Aliweza kwenda kwa miguu mpaka Kikoneni, kwetu, kwa ajili ya jina la jembe la zamani, na dada yake mgonjwa Ramisi asimwone kwa mwaka.

Nitasema na hili, maana chuki ya uongo haina nguvu. Watu wa mashambani wakija hospitali kuu na makaratasi wasiyoyaelewa, walipitia kwake barazani. Aliwasomea, akawaandikia, akawaelekeza mlango kwa mlango. Hakuchukua senti kwa mtu. Hapo alinishinda, maana mimi kwa kazi kama hiyo ningetoza.

Sasa nije kwenye neno.

Nilipomaliza kujenga ofisi niliweka kibao juu ya mlango. Jina langu kwa herufi za kadiri, na chini yake, kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: DALALI. Rangi haijakauka, Mwalimu akavuka barabara na bakora yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hilo neno umelitoa wapi?"

"Lipi?"

"Hilo lililo juu ya mlango wako."

"Nimelikuta, Mwalimu. Wazee wetu wote walilisema."

"Umelikuta. Hata mbuzi wa watu husema mhogo ameukuta."

Akarudi zake barazani. Kuanzia siku hiyo alilifuata neno langu kama mtu anayefuata nyayo za mwizi wa ng'ombe.

Mwanzo lilinifaa. Alikwenda kwa shehe mmoja mwenye elimu ya Kiarabu, akarudi uso umemng'aa. "Dalili na dalali ni ndugu, mwanangu. Baba mmoja, mama mmoja. Dalili ni ile alama inayokuonyesha njia. Dalali ni mtu ambaye kazi yake ni hiyo hiyo: kuonyesha." Nilifurahi, nikampa shilingi mia. Akaipokea, wala hakusema ahsante. Mimi nikaanza kuwaambia wateja: mimi si mpiga domo, mimi ni mwonyesha njia, iko kwenye Kiarabu. Bei yangu nikaipandisha kidogo. Mwalimu aliposikia, akasema pale barazani, kwa sauti ya kunifikia: "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Akaendelea. Msomali wa duka la jumla alimwambia kwamba kwao dalali ni wa mifugo: anamfunika muuzaji mkono kwa kitambaa na kumshika vidole chini yake, na bei inasemwa kwa vidole hivyo bila mtu wa tatu kuiona. Mwalimu akaandika. Akaenda mpaka ufuoni Diani kutafuta Mturuki, walinzi wa hoteli wakamfukuza mara mbili wakidhani anauza vinyago. Mara ya tatu akampata, mtalii mnene aliyekuwa akiota jua, akarudi na habari kwamba kwa Waturuki neno hilo hilo, wamelipinda kidogo, lilikuwa la mpiga mbiu anayepita mitaani akitangaza ng'ombe aliyepotea.

Vijana wa Ukunda hawasemi dalali, wanasema broka. Nilidhani hapo atanyamaza, maana neno hilo halikuwa juu ya mlango wangu. Wapi! Kulikuwa na Mwingereza mkongwe Diani mwenye kamusi kubwa kama tofali. Mwalimu akaenda kukaa kwake siku mbili. "Broka," akatutangazia, "hapo zamani alikuwa mtu wa kutoboa pipa la mvinyo na kuuza kidogo kidogo. Kwa hiyo huyu bwana, kwa Waarabu ni mwonyesha njia, na kwa Wazungu ni mgema."

Vijana wa kinyozi wakaniita Mgema miezi miwili. Nilivumilia. Mtu aliyekata miwa Ramisi anajua kuvumilia.

Lililonitoa katika uvumilivu ni hili. Alikuja ofisini bi mkubwa mmoja wa Mombasa, mwenye ekari nane nyuma ya Msambweni, anataka kuziuza zote kupitia kwangu. Nimemkalisha penye feni, nimemtilia chai, mambo yanakwenda vizuri. Mwalimu akaingia bila hodi, daftari wazi mkononi.

"Limekamilika," akasema. "Nimetoka kwa Muhindi wa vyuma. Mara ya kwanza alikataa kusema, mkewe alikuwepo. Leo kasema."

"Mwalimu, nina mgeni."

"Na mgeni asikie, ni elimu. Bara Hindi dalali ni mtu wa kuunganisha muuzaji na mnunuzi, kama hapa. Lakini ukilisema na kukonyeza jicho, ni mwanamume anayewatafutia wanaume wenzake wanawake wa kulipia."

Bi mkubwa aliweka kikombe chini taratibu. Akavuta buibui lake, akasimama. "Nitarudi, mwanangu," akaniambia. Hakurudi. Ekari zile ziliuzwa na kijana mmoja wa Ukunda.

Nilimfuata Mwalimu mpaka barazani.

"Umeniharibia kazi."

"Mimi? Neno limesafiri, nami nimelifuata. Kosa langu liko wapi?"

"Basi lifuate mpaka likuzike."

"Likinizika litanionyesha njia," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Kinyozi akacheka. Wote wakacheka. Tangu siku ile sikumwamkia. Kwetu Pwani mtu kupita mbele ya mzee bila shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na mimi nilimtemea kila siku kwa miaka sita, asubuhi na jioni, mbele ya baraza iliyojaa watu.

Nyuma ya ofisi yangu palikuwa na shamba la ekari moja na nusu nililolitamani tangu zamani. Nilitaka kujenga nyumba ya wageni, ghorofa moja, vyumba kumi na viwili. Upande wa baharini lilipakana na nyumba ya Mwalimu. Mwenye shamba, mrithi mmoja wa makamo anayekaa Kikoneni, hatimaye alikubali kuuza. Na mnunuzi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikuwa mimi mwenyewe.

Hapa lazima nimweleze asiyekuwa wa kwetu. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Babu yako anaweza kumruhusu rafiki yake apande minazi kwenye shamba lake. Shamba likabaki la babu, minazi ikawa ya aliyepanda, na ya warithi wake baada yake. Hati ya serikali haina habari na minazi. Kwa hiyo kabla ya kuuza, tunautembea mpaka wa shamba. Majirani wote wanaitwa. Muuzaji anapita mnazi kwa mnazi, anaupiga kiganja na kusema, "Huu wa fulani," na majirani wanajibu, "Ni kweli," au, "Si kweli." Akikosekana jirani hata mmoja, mwendo huo haujatimia. Mimi nimewatembeza watu mamia. Jina langu limetoka hapo hapo. Ukinunua kwa mkono wangu, hakuna mtu atakayekuja mwaka wa pili kudai nazi.

Na mimi, mimi huyu, niliuchagua mwendo wa shamba langu uwe Jumanne, siku ambayo Mwalimu alikuwa na miadi ya macho hospitali kuu. Sikutaka kusimama naye kwenye kila mti akiniuliza neno mnazi nimelitoa wapi. Sikutaka kumwamkia. Ukweli ni huo, sikuwa na hila nyingine.

Tulitembea: mimi, muuzaji, na jirani wa upande wa juu, bwana mmoja aliyekuja kutoka bara miaka miwili tu iliyopita. Minazi ilikuwa kumi na minne. Muuzaji akapiga kiganja, "Wa shamba," na yule wa bara akasema, "Ni kweli," maana yeye angejuaje? Wa shamba. Ni kweli. Wa shamba. Ni kweli. Nilimwona muuzaji akipiga taratibu, kama mtu anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe, na macho yake yakienda kila mara kwenye nyumba ya Mwalimu. Kwa mteja wangu ningesimama hapo hapo, ningesema, bwana, ngoja. Kwa nafsi yangu nikasema twende.

Wiki iliyofuata nikaleta mtu wa msumeno wa mashine. Mnazi wa kwanza ulipoanguka Mwalimu alitoka, akasimama mlangoni kwake, mkono umeshika fremu.

"Huyu mzee vipi?" akauliza mwenye msumeno.

"Mzee wa maneno huyo. Endelea."

Alisimama mpaka wa kumi na nne. Hakusema hata neno moja, yeye! Nikadhani nimemshinda.

Kesho yake akaja ofisini, bakora ikipapasa kizingiti.

"Minazi ile ilikuwa ya nani?"

"Ya shamba."

"Nani alisema?"

"Mwenye shamba. Tulitembea mpaka."

"Na mimi nilijibu nini?"

Akanieleza akiwa amesimama, maana sikumpa kiti. Minazi ile aliipanda mjomba wake kwa ruhusa ya babu wa yule muuzaji, na mjomba alipokufa alimwachia yeye, mtoto wa dada, kama wazee wetu Wadigo walivyokuwa wakirithishana. Nazi zake ndizo zilizokuwa zikijaliza pensheni. Nazi zake ndizo zilizokuwa zikimnunulia dawa yule dada wa Ramisi asiyekwenda kumwona. Hilo sikulijua. Nasema tena: sikulijua.

Wakili niliyemwendea aliniambia hati iko kwangu, tukienda mahakamani huenda nikashinda. Lakini habari ilikuwa imefika kila mahali. Wiki ile watu wawili waliokuwa waniite kuwatembezea mipaka walimwita kijana wa Ukunda. Nyumba ya wageni ningeijenga, sawa; na mimi ningekuwa nani Msambweni? Nikakubali kukaa mbele ya wazee.

Waliniuliza swali moja tu. "Wewe, katika mashamba yote uliyotutembeza, uliwahi kumwacha jirani?"

"Hapana."

"Na hili?"

Wakamwita mkwezi, mzee mkavu kama kifuu, aliyeikwea minazi ile miaka thelathini. "Nazi zote nilimpelekea Mwalimu," akasema. "Na kila nikizitua akiniuliza neno mkwezi nimelitoa wapi. Siku moja nikamwambia, Mwalimu, nimelitoa juu, panda ukalitafute." Baraza ikacheka, na hata Mwalimu safari hii akatabasamu. Mimi peke yangu sikucheka. Wazee wakakata: elfu kumi na mbili kwa kila mnazi, nimpelekee mwenyewe, kwa mkono wangu, nyumbani kwake.

Nilikwenda alasiri ya siku ya tatu. Nilimkuta uani kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ukungu, kanzu ile ile, koti lile lile. Nikasimama kimya. Nilikuwa nimeazimia: pesa nitatoa, shikamoo sitoi.

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimefungua kinywa! Naapa sikuwa nimefungua kinywa. Nikakaa kwenye kigoda kama mtoto aliyeambiwa kaa. Nikampa bahasha, akaiweka chini ya mto bila kuhesabu, akatoa lile daftari ambalo hakumwazima mtu.

"Nisomee. Macho yangu hayafiki tena."

"Mimi si msomaji, Mwalimu."

"Kidole chako unacho. Kiweke chini ya mstari."

Nikasoma. Nilisoma kama darasa la nne, neno, pumzi, neno, pumzi, naye hakunisahihisha hata mara moja. Ukurasa mzima ulikuwa wa neno langu. Waarabu, mwonyesha njia. Wasomali, mshika vidole. Waturuki, mpiga mbiu. Waingereza, na lile pipa lao. Wahindi, maana mbili, zote mbili kaziandika. Chini kabisa: "Msambweni," nukta mbili, na mstari mtupu.

"Hapa hapana kitu," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nikingoja unitembeze mpaka ule, nione wewe na adui yako mbele ya mnazi mtafanyaje. Hapo ndipo ningejua kwetu neno lina maana gani."

"Na minazi je?"

"Ungeniuliza, ningekuachia kumi. Minne ilinitosha na dada yangu."

Labda alisema kweli. Labda aliitunga pale pale ili iniume. Sijui, na sitajua, na hilo linaniudhi kuliko pesa zote. Akaipapasa kalamu kwa ule uzi wake wa magunia, akaninyooshea.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayeona."

Nikaishika. Nikairudisha. "Sina la kuandika."

"Basi utakaa hivyo hivyo mtupu," akasema, akafunga daftari.

Kibao changu kiko pale pale juu ya mlango. Sijakishusha wala sitakishusha. Watu wamerudi kuniita kuwatembeza, na sasa jirani asipokuja mimi siendi, hata wakilia.

Lakini siku ile ya daftari, nilikuwa nikiinuka niondoke vikombe viliposikika vikigongana nje ya ua. Mwalimu akanyanyua kichwa, akamwita muuza kahawa, akaagiza viwili, kimoja changu kimoja chake. Hakusimulia chochote safari hii. Akanywa, akapangusa mdomo kwa ukingo wa koti, akamwelekezea muuza kahawa upande wangu kwa kidevu.

"Mwenye kuonyesha njia atalipa."

Nikalipa. Ikawa laki moja, elfu sitini na nane, na shilingi ishirini.